In, on au at? Namna ya kuchagua vihusishi vya Kiingereza vya mahali na wakati

Kiswahili kinatosheka na "-ni" moja. Mtoto yuko shuleni, anakwenda shuleni, ametoka shuleni, amepitia shuleni. Mwisho wa nomino haubadiliki, na kitenzi ndicho kinachotueleza kama mtu ametulia, anaelekea, anatoka au anapita. Kiingereza hakiachi kazi hiyo kwa kitenzi peke yake, bali mzigo mkubwa hubebwa na kineno kidogo kinachotangulia nomino: "at school", "to school", "from school", "past the school". Hapo ndipo makosa yetu mengi yanapozaliwa. Anayetaka kusema "alichota maji kisimani" huandika "she fetched water in the well", na msomaji anaona mwanamke aliyesimama ndani ya kisima. Sahihi ni "she fetched water from the well".

Ukijifunza vihusishi hivi kwa kutafsiri neno kwa neno utazunguka bila kufika. Njia inayofanya kazi ni kujiuliza maswali machache kwa mpangilio maalumu, kisha kukariri vighairi vichache kama vilivyo.

Hatua ya 1: Anza na kitenzi

Kabla hujagusa "in", "on" wala "at", tazama kitenzi cha Kiswahili ulichonacho kichwani. Kiko katika kundi gani?

Ikiwa ni cha kutulia, kama kuwa, kukaa, kuishi, kusubiri au kufanya kazi, ndipo uchague kati ya "in", "on" na "at". Nenda hatua ya 2.

Ikiwa ni cha kuelekea au kuingia, tumia "to" kwa kuelekea na "into" kwa kuingia ndani. "Alikwenda sokoni" ni "she went to the market". "Aliruka majini" ni "he jumped into the water". Kitu kikiwekwa juu ya uso fulani, "on" inatosha: "put the plates on the table".

Ikiwa ni cha kutoka, una maneno matatu. "From" hutaja tu chanzo. "Out of" hutumika kitu kinapotoka ndani ya kingine. "Off" hutumika kitu kinapoachana na uso kilioushika. Kikombe kilichoanguka kutoka mezani "fell off the table". Sarafu iliyodondoka mfukoni "fell out of my pocket". Anayeshuka basi "gets off the bus", lakini anayeshuka teksi "gets out of the taxi". Sababu yake tutaiona chini.

Ikiwa ni cha kupita, angalia umbo la njia. Mwizi aliyepitia dirishani aliingia "through the window", kwa sababu alizungukwa na fremu pande zote. Ukitembea ukifuata ufuo unatembea "along the beach". Ukivuka barabara unatembea "across the road". Ukipita msikitini bila kuingia unapita "past the mosque".

Kisha kuna vitenzi ambavyo havitaki kihusishi chochote, na hapa Afrika Mashariki tunakosea hata kwenye barua rasmi. "Reach" haifuatwi na "to" wala "at": tulifika kituoni ni "we reached the station". Ukitaka kutumia "arrive", basi ni "arrived at the station" kwa kituo na "arrived in Kigoma" kwa mji, kamwe si "arrived to". "Enter" haitaki "in" wala "into" unapoingia chumbani: "she entered the room". "Leave" haitaki "from": "we left Arusha at dawn". Vivyo hivyo "visit", "contact" na "discuss". Tunasema kujadili kuhusu jambo, lakini Kiingereza hakina "discuss about"; ni "we discussed the budget".

Neno "home" likifuata kitenzi cha mwendo nalo hujitosheleza: "go home", "come home", "reach home". "Go to home" si sahihi. Ila kwa kutulia husemwa "at home".

Hatua ya 2: Jaribu "-mo"

Msemaji wa Kiswahili ana kipimo ambacho wanafunzi wengine wa Kiingereza hawana. Lugha yetu inatofautisha yupo, yuko na yumo. Chukua sentensi yako na uweke "-mo". Ikikaa vizuri masikioni, Kiingereza karibu kila mara kitataka "in".

Sukari imo koponi: "the sugar is in the tin". Samaki wamo ziwani: "the fish are in the lake". Habari imo gazetini: "the story is in the newspaper". Sasa jaribu "picha imo ukutani". Haikai, labda picha iwe imejengewa ndani ya matofali. Kwa hiyo si "in", ni "on the wall".

Kipimo hiki ni kizuri hasa kwa mti. Ndege aliyetua mtini yumo katikati ya matawi na majani, kwa hiyo "the bird is in the tree". Embe linaning'inia, halimo ndani ya kitu, kwa hiyo "the mango is on the tree".

Kinashindwa mahali patatu, na heri upakariri moja kwa moja. Kwanza, vyombo vikubwa vya abiria. Tunasema yumo ndani ya basi, lakini Kiingereza ni "on the bus", "on the train", "on the plane", "on the ferry". Namna rahisi ya kukumbuka: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on", na kile unachoinama kuingia kisha ukakaa tu huchukua "in", yaani "in a car", "in a taxi". Kile unachokipanda kwa kutanua miguu, kama baiskeli au bodaboda, ni "on". Daladala na matatu, hata zikiwa ndogo kiasi cha kumfanya abiria ainame, huhesabiwa pamoja na mabasi. Hiyo ndiyo sababu ya "get off the bus" na "get out of the taxi".

Pili, orodha: jina lako limo kwenye orodha, lakini ni "on the list". Tatu, ukurasa: habari imo gazetini, "in the newspaper", ila ukitaja ukurasa ni "on page 4".

Hatua ya 3: Kama si "in", je, kinagusa?

"On" hufuata mguso. Uso unaoguswa unaweza kuwa wa chini, wa juu au wa pembeni, Kiingereza hakijali. Mjusi aliye darini kichwa chini yuko "on the ceiling". Picha iko "on the wall". Pete iko "on her finger".

Hapa "juu ya" inatupotosha. Kwa Kiswahili taa iliyowekwa mezani na taa inayoning'inia juu ya meza zote ziko juu ya meza. Kwa Kiingereza ya kwanza iko "on the table", na ya pili iko "above the table" au "over the table". Na "juu ya" ya mazungumzo, kama "walizungumza juu ya ardhi", ni "about": "they talked about land".

Mstari nao huhesabiwa kuwa kitu kinachoguswa. Pwani, mto, mpaka na barabara huchorwa kama mistari kwenye ramani, na mji uliokaa juu ya mstari huo huchukua "on". Bagamoyo iko "on the coast". Namanga iko "on the border between Kenya and Tanzania". Mwanza iko "on Lake Victoria", kwa maana ya ukingoni mwake, wakati sangara wako "in Lake Victoria".

Visiwa vinahitaji uangalifu. Kisiwa kama ardhi ni "on": "on the island of Pemba", "on Mafia Island". Lakini Zanzibar inapotajwa kama nchi au eneo la utawala ni "in Zanzibar", na ndivyo inavyoandikwa mara nyingi.

Ghorofa ni "on": "on the third floor". Vyombo vya mawasiliano pia: "on the radio", "on television", "on the phone", "on the internet", "on WhatsApp".

Hatua ya 4: Kinachobaki ni "at"

"At" huchukulia mahali kama nukta. Haijali kama mtu yuko ndani, nje au mlangoni. Inajali kwamba ukimtafuta hapo utampata, au kwamba kuna shughuli inayofanyika hapo. "I'll meet you at the bank" haisemi tutaonana ndani au kwenye ngazi. "I'll meet you in the bank" inasema ingia ndani. Ukimpa mtu miadi, tofauti hiyo inaweza kumfanya asimame juani nusu saa huku wewe umekaa kwenye foleni ndani.

Vituo, milango, makutano na matukio huchukua "at": "at the bus stop", "at the door", "at the roundabout", "at a wedding", "at the meeting". "Kwa" ya nyumbani kwa mtu au mahali pake pa kazi pia ni "at": nipo kwa daktari, "I'm at the doctor's", nipo kwa mama, "I'm at my mother's".

Miji na mitaa mikubwa ni "in": "in Nairobi", "in Mbagala", "in Kisumu". Wengi wetu huandika "I live at Mbagala", na chanzo kimojawapo hakiko mbali. Nyaraka za mahakama huandikwa "In the High Court of Tanzania at Dar es Salaam", na viapo hufungwa kwa "Dated at Dar es Salaam". Hiyo ni lugha ya sheria inayotaja kituo cha mahakama, na ni sahihi kwa kazi yake. Usiihamishie kwenye barua ya kawaida. Mji huchukua "at" pale tu unapouona kama nukta ya safari: "the bus stops at Chalinze", "we changed buses at Chalinze". Ukilala hapo wiki nzima, umekaa "in Chalinze".

Anwani yenye namba ya nyumba ni "at": "at 25 Uhuru Street". Ukitaja mtaa bila namba, Mwingereza mara nyingi husema "in Uhuru Street" na Mmarekani husema "on Uhuru Street". Zote mbili zinaeleweka. Tofauti kama hiyo ipo kwa mgonjwa aliyelazwa: Uingereza husema "in hospital", Marekani "in the hospital". Chagua mkondo mmoja katika andiko moja. Muuguzi au mgeni aliyekwenda kumtazama mgonjwa yuko "at the hospital", pande zote mbili.

Hatua ya 5: Wakati, kuanzia saa hadi karne

Wakati ni rahisi kuliko mahali, kwa kuwa ngazi zake ni tatu tu. Saa ni "at". Siku na tarehe ni "on". Kila kinachozidi siku, kama mwezi, msimu, mwaka na karne, ni "in". Tanganyika ilipata uhuru "on 9 December 1961", "in December 1961", "in 1961". Ikiwepo siku ndani ya maneno yako, siku ndiyo inayoshinda: asubuhi ni "in the morning", lakini Jumatatu asubuhi ni "on Monday morning".

Sehemu za siku huvunja ngazi hizo kidogo. Husemwa "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", ila "at dawn", "at noon", "at night", "at midnight". Krismasi kama msimu ni "at Christmas", kama siku ni "on Christmas Day". Mwezi wa Ramadhani ni "during Ramadan" au "in Ramadan". Mwisho wa wiki ni "at the weekend" Uingereza na "on the weekend" Marekani. Mwishoni mwa mwezi ni "at the end of the month"; "in the end" ni jambo jingine kabisa, maana yake ni hatimaye.

Ikitangulia "last", "next", "this" au "every", kihusishi huondoka. Wiki iliyopita ni "last week", Ijumaa ijayo ni "next Friday", kila Jumapili ni "every Sunday". "On last Friday" na "in this week" ni makosa. Jana, leo na kesho nazo hazitaki kitu.

Kuna hatari mbili ambazo ni zetu wenyewe, na zinaweza kumkosesha mtu ndege.

Ya kwanza ni saa. Saa yetu huhesabu kuanzia mapambazuko, ya Kiingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Kwa saa moja hadi saa sita ongeza sita. Kwa saa saba hadi saa kumi na mbili punguza sita. Saa mbili asubuhi ni "at 8 a.m.", saa nane mchana ni "at 2 p.m.". Anayeandika "at two in the morning" kwa saa mbili asubuhi amemwita mwenzake usiku wa manane.

Ya pili ni usiku. Katika hesabu ya kale ya pwani siku huanza magharibi, jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hadi leo magazeti huandika "usiku wa kuamkia Jumapili". Kwa Kiingereza usiku huo ni "on Saturday night". Lakini ukitaja saa baada ya saa sita usiku, siku imeshabadilika: saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili ni "at 3 a.m. on Sunday". Unapopanga safari ya alfajiri, andika tarehe pamoja na jina la siku.

Hatua ya 6: "Hadi" moja, maneno mawili

"Hadi" na "mpaka" zina "until" na "by" ndani yake, na kuzichanganya hubadilisha maana ya agizo zima. Uliza: tendo linaendelea muda wote huo, au linatokea mara moja kabla muda haujaisha? Likiendelea ni "until": nitakuwa ofisini hadi saa kumi, "I'll be in the office until four". Likiwa la mara moja ni "by": fomu zirudishwe kufikia Ijumaa, "return the forms by Friday". Ukiandika "return the forms until Friday", msomaji anaweza kuelewa kwamba zinarudishwa tena na tena siku zote hizo.

Kwa kukanusha rudi kwenye "until": hatarudi mpaka Jumatatu, "he won't be back until Monday". Na "mpaka Ijumaa atakuwa amemaliza" ni "by Friday he will have finished". "He stayed up to Friday", inayosikika sana kwetu, iandike "until Friday".

"Tangu" haisumbui: tangu 2019 ni "since 2019". Kinachosumbua ni muda wenye urefu. Nimefanya kazi hapa miaka mitano ni "I have worked here for five years". "Since five years" haipo, na "I am working here since 2019" ina kosa la kitenzi. Andika "I have been working here since 2019". "During" hutangulia jina la tukio, si idadi: "during the meeting", lakini "for three hours".

"Baada ya" nayo ina mtego. Nitarudi baada ya dakika kumi, ukihesabu kuanzia sasa, ni "I'll be back in ten minutes". "After ten minutes" inafaa masimulizi ya jambo lililopita. Na ukitaka kusema kabla dakika kumi hazijaisha, neno ni "within".

Hatua ya 7: Safari kwa "kwa"

Kwa basi ni "by bus", kwa treni ni "by train", bila "the" wala "a". Ukiongeza lolote kwenye chombo, "by" inaondoka: "in my car", "on the morning bus". "By my car" si sahihi. Kwa miguu ni "on foot".

Kujisahihisha

Ukibaki na shaka, usitafute kihusishi kwenye kamusi. Utakuta fasili nyingi zisizokusaidia. Tafuta nomino. Kamusi nzuri ya wanafunzi wa Kiingereza ikifunguliwa kwenye "list", "floor" au "border" itakupa sentensi za mfano, na kihusishi utakikuta kimekaa mahali pake. Kinakili pamoja na nomino yake kama kipande kimoja.

Kisha pitia andiko lako mara moja kwa ajili ya vihusishi tu. Mfano ni mwaliko huu:

"We shall hold the meeting in Saturday 14 June on 8 p.m. at Dodoma, in the second floor of the new building. Please confirm until Thursday. Those who come with bus should alight from the bus in the roundabout and we will fetch them after 15 minutes."

Mwandishi alikusudia saa nane mchana. Ukisahihishwa unakuwa:

"We shall hold the meeting on Saturday 14 June at 2 p.m. in Dodoma, on the second floor of the new building. Please confirm by Thursday. Those coming by bus should get off at the roundabout, and we will fetch them within 15 minutes."

Siku "on", saa "at", mji "in", ghorofa "on", mwisho wa kuthibitisha "by", chombo "by", makutano "at", na dakika "within" kwa sababu wenyeji wanaahidi kufika kabla hazijaisha. "Alight from" ni sahihi, ni ya kirasmi tu. Kama miongoni mwa waalikwa yupo anayetoka Marekani, mwongezee maelezo ya ghorofa: kwake "second floor" ni ghorofa ya kwanza ya kwetu, maana anaanza kuhesabu chini.